Kuacha kazi ya zamani na kuingia kwenye farasi, Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu aliye Malindi, Watamu, Mambrui au Lamu ambaye sasa ni mhudumu wa hoteli, mwendesha boda, mvuvi au karani, na anafikiria kuajiriwa kwenye biashara inayowachukua wageni wa likizo kupanda farasi ufuoni. Anayetaka kununua farasi wake mwenyewe atapata neno lake mwishoni, na si la kumtia moyo.

Kazi yenyewe ni kupanda farasi siku nzima?

Hapana. Saisi, yaani mtunza farasi, hukaa juu ya farasi saa mbili au tatu kwa siku, na siku nyingine hakai kabisa. Muda uliobaki ni maji, majani, mavi na kwato. Farasi mmoja hutoa mavi ya kilo 15 hadi 20 kwa siku. Zizi la farasi kumi, basi, lina kilo 150 na zaidi za kubebwa kwa wilibaro kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo.

Siku huanza saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya kumwaga chakula unamtazama kila farasi: amemaliza majani ya usiku? Amekunya? Maji ya ndoo yamepungua? Amesimamaje? Mguu mmoja wa nyuma ukilegezwa, anapumzika tu. Wa mbele ukitangulizwa mbele ya mwenzake, au ukiinuliwa-inuliwa, hayo ni maumivu. Ndoo iliyokutwa imejaa kama ilivyoachwa jana usiku inakutosha kumwamsha mkubwa wako. Baada ya hapo ni brashi, kuchokoa kwato, kutandika, kupokea wageni, matembezi, kuosha chumvi, chakula, kusafisha tandiko na hatamu, kisha mzunguko wa pili wa jioni. Asiyependa kushika ndoo asijisumbue kuomba.

Sijawahi kugusa farasi. Kazi niliyofanya hadi sasa itanisaidia chochote?

Inategemea ni ipi. Aliyetoka hotelini anajua wageni, na hilo ni nusu ya kazi: kumsikiliza mtu anayeogopa lakini hataki kusema, kumweleza mzee kwamba uzito wake umezidi bila kumvunjia heshima. Kiitaliano cha hapa Malindi kina thamani sana. Anayeweza kusema taratibu, simama, shika hapa na usiogope kwa Kiitaliano, Kijerumani na Kiingereza ataitwa kwenye usaili kabla ya mwenye vyeti.

Mvuvi ana thamani kuliko anavyodhani. Anajua maji, anajua upepo, na anajua mafundo. Farasi hufungwa kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kwenye kitanzi cha uzi mwembamba utakaokatika akishtuka, si kwenye mlingoti wenyewe wala kwenye mlango wa banda.

Mwendesha boda ana mizani nzuri ya mwili, lakini ana mazoea moja mabaya ya kuyaacha: akiona hatari huvuta kwa mikono miwili kama breki. Farasi akivutwa lijamu (chuma cha mdomoni) kwa nguvu huinua kichwa, hukakamaa mgongo, na wengine husimama kwa miguu ya nyuma. Ukitaka kumzuia, kaa imara kwenye tandiko, vuta na uachie, vuta na uachie, au mzungushe kwa duara kubwa linalozidi kupungua.

Niko Lamu, nimelelewa na punda. Si ni yale yale?

Karibu, ila si yale yale. Umezoea kuinua kwato, kuona kidonda cha mgongo kabla hakijawa jipu, na kusogea pembeni mwa mnyama bila papara. Hayo huwachukua wengine miezi kuyajua. Kama hujawahi kukaa siku mbili tatu kwenye kliniki ya punda ya Donkey Sanctuary, iliyopo Lamu tangu 1987, nenda ukaangalie wanavyosafisha jeraha na kukata kwato. Ni shule nzuri iliyo mlangoni kwako.

Tofauti ni hizi. Punda akiogopa hukwama. Farasi akiogopa hukimbia kwanza, kutazama baadaye. Punda huficha maumivu; farasi mwenye tumbo linalomsokota hujiangusha na kugaagaa hadharani. Punda hustahimili ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua farasi wengi wanaoupata. Na punda wa Lamu aliyezoea kujitafutia vichochoroni hawezi kukufundisha kupima chakula, kwa sababu farasi asiyepimiwa hafiki mbali.

Nianze vipi, hatua kwa hatua?

Kwanza, omba siku saba za kujaribu zizini kabla hujaacha kazi uliyo nayo. Chukua likizo yako uende. Siku ya tatu, mikono ikiwa na malengelenge na kiuno kinauma, ndipo utajua.

Pili, pata cheti cha huduma ya kwanza. Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha. Bila hicho hupewi wageni, hata uwe hodari vipi. Tatu, chukua cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, na uchomwe chanjo ya pepopunda. Zizi lina misumari, mavi na vidonda vya kila siku.

Nne ni mafunzo ya farasi yenyewe, na hapa watu hupoteza pesa. Kozi ya wiki mbili haimfanyi mtu kuwa kiongozi wa matembezi. Vyeti vya British Horse Society vya Uingereza vinatambuliwa na wenye biashara nyingi za aina hii, na hupandwa ngazi kwa ngazi, lakini usianze kuvilipia kabla ya kukaa mwaka mzima zizini. Ukivutiwa zaidi na matibabu kuliko wageni, vyuo vya AHITI, kama kile cha Kabete, hufundisha afya ya mifugo. Ukivutiwa na kuongoza wageni, angalia mitihani ya chama cha waongoza safari, KPSGA, yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu.

Mpangilio wa kawaida ni huu: saisi, kisha mpanda farasi wa nyuma ya msafara, kisha kiongozi wa mbele. Anayeahidiwa kuwa kiongozi mwezi wa kwanza ajiulize waliomtangulia wamekwenda wapi.

Mshahara na mkataba vikoje?

Saisi mpya hulipwa kidogo, mara nyingi chini ya mhudumu mzoefu wa hoteli. Bakshishi ndiyo huziba pengo, na hapo uliza mapema: kila mtu anaweka chake mfukoni, au kuna kisanduku cha pamoja? Kisanduku ni bora, kwa sababu mgeni humpa pesa aliyeshika farasi wake, si yule aliyeamka usiku kumtembeza mgonjwa.

Kwa sheria ya ajira ya Kenya ya 2007, mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe. Muda wa majaribio hauzidi miezi sita, na huongezwa kwa ridhaa yako tu. Una siku moja ya mapumziko katika kila saba, na siku 21 za kazi za likizo yenye malipo baada ya mwaka. Kwenye karatasi ya mshahara utaona makato ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA na asilimia 1.5 ya nyumba. Usipoona makato, hesabu kwamba umewekwa kibarua. Muulize pia mwajiri kuhusu bima ya kuumia kazini, inayotakiwa na sheria ya fidia ya 2007. Farasi wa kilo 450 akikukanyaga mguu hutaki kuanza kuuliza siku hiyo.

Msimu ukilala je?

Wageni ni wengi Julai hadi Septemba, na tena Desemba mpaka Pasaka. Aprili hadi Juni mvua ya masika hunyesha, hoteli nyingine hufungwa, lakini farasi hawafungwi. Masaisi hubaki, viongozi hupunguzwa. Anayetaka kazi ya mwaka mzima aelemee upande wa zizi.

Mbona wanasema lazima nijue maji ya bahari?

Kwa sababu ratiba yote hufuata maji, na mwenye ofisi akipanga kwa saa ya ukutani atawapeleka watu kwenye mawimbi.

Maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa kawaida hujaa alfajiri na alasiri na kukauka kwenye saa nne au tano asubuhi. Tofauti ya juu na chini hupita mita 3, na ufuo unaokuwa uwanja mpana asubuhi hubaki ukanda tu alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hugeuka, na maji hayaendi mbali wala hayaji juu sana.

Kanuni ya kazi: toka maji yakiwa yanakupwa, na uwe umegeuza kurudi kabla hayajaanza kujaa kwa nguvu. Tembea kwenye mchanga mbichi uliokazwa na maji. Mchanga mkavu wa juu ni laini. Farasi huzama, na mishipa ya nyuma ya miguu ya mbele huvutika. Mchanga wa chini kabisa, unaotetemeka ukikanyagwa, ni mbaya vile vile. Ufuo ukiwa na mteremko, usiende upande mmoja tu kwa saa nzima, maana miguu ya upande wa bahari hubeba zaidi.

Angalia kamba za nanga. Maji yakikauka, mashua hulala kwenye mchanga na kamba zake hunyooka mpaka ufuoni, nusu zimefukiwa. Farasi akinasa kwato kwenye kamba akiwa kwenye mwendo wa matiti (mbio za polepole), huvunjika yeye na aliye juu. Zunguka upande wa nchi kavu, kwa hatua, hata mgeni akinung'unika.

Ngamia wa ufuoni ni jambo jingine. Farasi asiyewazoea akiinusa tu harufu hugeuka na kupiga shoti kwenda nyumbani. Farasi mpya huzoeshwa kwanza kwa mbali, upepo ukitoka upande wao, siku kadhaa, bila mgeni mgongoni.

Kaskazini, mdomo wa mto Sabaki una tope linalomeza farasi hadi tumboni, na mtoni kuna viboko na mamba. Usivuke. Watamu ufuo uko kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1968 chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na kasa hutaga hapo: kaa chini ya mstari wa maji kujaa, na ombeni ruhusa ya hifadhi kabla ya kupita.

Mkiingiza farasi baharini, ondoeni tandiko. Chumvi huharibu ngozi na mishono. Farasi akianza kuyapiga maji kwa mguu wa mbele, anajiandaa kulala. Msukume mbele mara moja. Ukisubiri uone, atalala na mgeni wako.

Mgeni mwenye kilo ngapi apandishwe?

Mzigo wote, tandiko likiwemo, usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450 abebe kilo 90. Tandiko na vifaa vikiwa kilo 10, mgeni ni kilo 80. Kwenye mchanga, na kwa farasi mzee au aliyetoka kuugua, punguza. Mizani iwekwe mapokezi na kila mtu apimwe, mwembamba na mnene, ili asiwepo anayeona ametengwa.

Farasi hula nini hapa pwani, na nini humharibu?

Chakula kikavu cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 450, karibu kilo 9 za majani makavu. Boma Rhodes, aina ya nyasi, ndiyo ya kawaida. Robota moja, yaani furushi lililofungwa, huwa na kilo 12 hadi 15. Hutoka bara, na pwani unyevu huiharibu upesi. Zipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na ufungue kila robota kwa kuinusa. Yenye vumbi jeupe au harufu ya uvundo haiendi kwa farasi. Mahindi yenye ukungu ni hatari zaidi: sumu yake hushambulia ubongo wa farasi, na dawa hakuna.

Pumba za ngano nyingi kupita kiasi huvuruga madini ya mifupa, na matete yakiwa chakula pekee hufanya vivyo hivyo. Kamwe usimpe chakula cha kuku au cha ng'ombe cha dukani. Baadhi huwa na monensini, inayowafaa kuku lakini inayosimamisha moyo wa farasi kwa kiasi kidogo sana.

Usimlishe mchangani. Majani yaliyotupwa chini hubebana na mchanga, mchanga hukaa chini ya utumbo mkubwa, na siku moja hufunga. Tumia hori au wavu ulio juu kiasi cha kutonasa mguu. Kupima ni rahisi: tia vipande sita vya mavi, vilivyookotwa juu bila kugusa ardhi, kwenye lita moja ya maji, koroga, acha robo saa. Mchanga wa kijiko cha chai ukikaa chini, mwambie daktari wa mifugo.

Maji ni lita 25 hadi 55 kwa siku, na kwenye joto la Februari hupita hapo. Chumvi ya mawe iwepo muda wote, maana jasho lake limejaa chumvi.

Joto lina mtego ambao wageni wa kazi hii hawautambui. Farasi aliyeletwa kutoka Laikipia au Nanyuki anaweza, baada ya wiki au miezi ya pwani, kuacha kutokwa na jasho. Utamwona akihema upesi, ngozi kavu na moto, wenzake wameloa. Huyo hafanyi kazi. Kivuli, upepo, maji mwilini mfululizo, na mwite daktari. Wengine hupona tu wakirudishwa bara.

Nitajuaje amekuwa mgonjwa?

Jifunze kwanza mzima alivyo. Akiwa ametulia, joto ni nyuzi 37.5 hadi 38.5 za Selsiasi, moyo hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16. Fizi ziwe waridi. Ukizibonyeza ziwe nyeupe, rangi irudi ndani ya sekunde 2.

Akikwaruza chini, akitazama ubavu, akilala na kuinuka na hakunya, tumbo linamsokota. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kila kinachoingia ni lazima kitoke nyuma. Ondoa chakula chote, pima moyo, piga simu. Mtembeze taratibu akitaka kugaagaa, lakini usimtembeze mpaka achoke. Usimnyweshe dawa wala mafuta kwa chupa: yakiingia mapafuni utakuwa umemuua wewe.

Homa na fizi za manjano, hasa mvua zikiisha, ni kupe mara nyingi. Na hapa ni onyo kubwa kwa aliyefuga ng'ombe: dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi haitumiki kwa farasi. Hulegeza utumbo ukasimama, na mnyama hufa kwa tumbo kufunga. Soma kibandiko, hata kama duka limekuambia ni sawa. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi wa jioni, huvuma wakati na baada ya mvua, na kinga ni chanjo ya kila mwaka na kuwafunga ndani kuanzia magharibi.

Mimi ni mwanamke. Nitakubaliwa?

Ndiyo, na kwa wageni wanawake na watoto mara nyingi unatakiwa zaidi. Ukivaa hijabu, vaa ya kuvutwa tu kichwani, nyembamba, bila pini yoyote chini ya helmeti; pini huingia kichwani mtu akianguka. Helmeti iwe ya farasi, si ya boda.

Nafunga Ramadhani, na swala tano je?

Kubaliana na wenzako mapema. Kazi nzito huisha kabla ya saa tatu asubuhi, na mzunguko wa jioni hupewa asiyefunga. Mavi ni najisi, kwa hiyo weka nguo safi kwenye mfuko langoni na maji ya kuoga karibu. Ijumaa hakuna matembezi kati ya saa sita na nane, na joto pia halitaki.

Mgeni akianguka nifanye nini?

Simamisha msafara mzima kwanza, kabla hujashuka. Wa nyuma akamate farasi wa karibu. Usimfukuze aliyekimbia, atarudi kwa wenzake au nyumbani. Kwa aliyeanguka, usimvue helmeti, usimwinue, usiruhusu mtu wa ufuoni aje kumsimamisha kwa nia njema. Mwulize jina, anahisi miguu? Shingo au mgongo ukiuma, abaki hapo na ambulensi iitwe, hata kama maji yanakuja. Ndiyo maana mnapanga kutoka maji yakikupwa. Helmeti iliyogonga chini haivaliwi tena.

Wakala ananiahidi kazi ya saisi Ghuba. Niende?

Kazi zipo kweli. Hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na usitoe pasipoti wala pesa kabla ya kuona mkataba unaotaja mwajiri. Mwaka mmoja wa zizi la Malindi na barua ya mwajiri hukupa nafasi nzuri ya kujadiliana.

Nikinunua farasi wawili wangu, nikaegesha bichi?

Hesabu kwanza. Wawili hula kilo 18 kwa siku, yaani robota 40 hivi kwa mwezi, pamoja na usafiri kutoka bara. Fundi wa kwato kila wiki 6 hadi 8, na huenda atoke mbali, hivyo utalipa nauli yake. Chanjo, dawa za minyoo, bima ya wageni, leseni ya utalii, kibali cha kaunti. Kisha Mei, ambapo hakuna mgeni na wanakula vile vile. Na wawili hawatoshi: mmoja akichechemea, wa pili atafanya kazi ya wawili mpaka naye achechemee. Ukishikilia wazo lako, anza na watatu waliohasiwa, wa miaka 8 hadi 14, uliowaona wakipandwa na mtoto, na daktari asiye wa muuzaji awapime kabla hujalipa.